Sauti za Kukujenga: Namna ya Kuzitafuta, Kuzipima na Kuzifanyia Kazi

Andika neno "hamasa" kwenye YouTube, utapata ya kusikiliza mpaka mwakani. Kinanda chini, sauti nzito juu, picha ya simba au ya mtu anayekimbia alfajiri. Dakika kumi zikipita unajiona huna wa kukuzuia. Kesho yake saa nne asubuhi uko palepale, na unachokifikiria ni kufungua klipu nyingine. Usijiite mvivu kwa hilo. Ulitafuta hisia, ukapewa hisia. Mwongozo huu unahusu sauti za namna nyingine, zile ambazo ukimaliza kuzisikiliza unajua kesho utafanya nini, saa ngapi na kwa kuanzia wapi.

Kwanza andika pengo

Kabla hujamtafuta msemaji yeyote, chukua daftari uandike sentensi moja yenye mambo matatu: unachoshindwa kufanya, kinatokea wapi au lini, na kinakugharimu nini. "Nataka kuwa mtu bora" haitafutiki. "Sijiamini" nayo ni pana mno, kwa kuwa hakuna mtu asiyejiamini katika kila jambo.

Tuseme wewe ni fundi cherehani Mwanza. Wateja unao, lakini mwisho wa mwezi hela haionekani. Sentensi yako inaweza kuwa hivi: "Nashindwa kudai salio siku mteja anapochukua nguo, hasa akiwa jirani, na mwezi uliopita nimeachwa nadai shilingi 85,000." Hapo una kitu cha kutafuta, tena unaona kuwa ndani yake mna mambo mawili: kupanga masharti ya malipo, na kuyasema masharti hayo bila kigugumizi.

Pengo laweza kuwa la ujuzi: hujui jambo linafanywaje. Laweza kuwa la utaratibu: unajua, ila unafanya siku mbili unaacha. Au ni la moyo: umechoka, umefiwa, umekataliwa mara nyingi, umekata tamaa. La ujuzi linataka mwalimu. La utaratibu linataka ratiba na mtu wa kukuuliza. Msemaji wa hamasa anagusa hilo la tatu peke yake, na athari yake hupungua ndani ya siku chache. Watu wengi wanaosema hawana motisha kwa kweli hawajui hatua inayofuata, na ukimwonyesha mtu hatua inayofuata utashangaa jinsi anavyoinuka bila kusukumwa. Kwa hiyo ukiwa na shaka, tafuta ujuzi kwanza.

Kutafuta kwa maneno ya kazi

Maneno makubwa kama mafanikio, utajiri na ndoto huleta wasemaji wakubwa wa mambo ya jumla. Tumia kitenzi cha kazi yako: "jinsi ya kupanga bei ya kushona gauni", "namna ya kudai deni kwa mteja", "mapato na matumizi ya fundi cherehani". Kisha badilisha neno moja moja. Malipo yanayotangulia kazi wengine huyaita advansi, wengine kianzio, wengine malipo ya awali, na kila neno hukuletea watu tofauti. Ukitafuta kwa namna moja tu unakosa nusu ya wanaojua.

Ukishapata majibu, fungua kichujio na uchague video za zaidi ya dakika 20. Klipu fupi imekatwa ili isambae, na kinachokatwa mara nyingi ni sharti: "hii inafanya kazi ikiwa una mtaji wa miezi mitatu" huondolewa, inabaki "thubutu!" Mahojiano marefu humfikisha mtu mahali pa kueleza alianza na kiasi gani, nani alimkopesha, na duka la kwanza lilifungwa kwa nini. Fungua video tatu bila kujiunga na chaneli yoyote. Usizianze mwanzoni, maana dakika mbili za kwanza zimetengenezwa ili kukunasa. Ruka hadi katikati, sikiliza dakika tano. Kama katika dakika hizo tano hakuna namba, hakuna hatua, hakuna jina la kifaa wala mfano wa mteja, funga.

Simu yako nayo ina kumbukumbu. YouTube hupendekeza kutokana na ulichotazama, na mtu aliyeshinda mwezi mzima kwenye klipu za hamasa ataletewa klipu za hamasa hata akitafuta mambo ya kodi. Ingia kwenye mipangilio, nenda sehemu ya historia, ifute. Kwa video zinazoendelea kukujia, bonyeza nukta tatu pembeni ya jina uchague kwamba hazikuvutii, au kwamba usipendekezewe chaneli hiyo. Ukiizima historia kabisa, ukurasa wa mwanzo unaweza kubaki mtupu, na kwa anayejifunza hiyo ni nafuu kubwa: utaona ulichokitafuta tu.

Usisahau hesabu ya bando. Saa moja ya video ya ubora wa 480 hula takriban MB 500. Podikasti ya sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula MB 58 kwa saa, na ya kilobiti 64 nusu yake. Maana yake GB 1 inakupa saa mbili za kuangalia mdomo wa mtu unavyocheza, au saa 17 za kusikiliza huku unashona. Kwenye simu ya Android, programu ya AntennaPod ni ya bure na haina matangazo. Iweke ipakue vipindi ukiwa kwenye Wi-Fi peke yake, usikilize baadaye bila mtandao. Na kama simu yako ina redio ya FM, haihitaji bando hata kidogo. Simu nyingi huhitaji tu spika za masikioni zenye waya, kwa sababu waya ule ndio antena; zile za Bluetooth hazitakusaidia.

Kwa kijana ambaye hajui aanzie wapi, vipo vyanzo vilivyoandaliwa kwa Kiswahili kwa uangalifu. DW Kiswahili ilitengeneza Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, mfululizo wa michezo ya redio inayofundisha stadi za maisha kwa visa. Tanzania kuna Femina Hip, shirika lililoanza 1999, lenye jarida la Fema na klabu za Fema katika shule za sekondari. Kenya kuna Shujaaz, katuni iliyoanza 2010 kwa Sheng, inayoonyesha vijana wakijitafutia riziki kwa njia ambazo msomaji anaweza kuzijaribu. Ubora wa vyanzo hivi ni kwamba mhusika hupitia tatizo mbele ya macho yako mpaka mwisho. Hakuna anayekufokea.

Kumpima msemaji kabla hujampa masikio yako

Swali la kwanza na zito kuliko yote: alichofundisha alikifanya kabla hajaanza kukifundisha? Mtu aliyefuga kuku miaka minane akaanza kueleza ufugaji ni mwalimu. Mtu ambaye biashara yake pekee iliyowahi kufanikiwa ni kuzungumza juu ya kufanikiwa anaweza kukufundisha jambo moja kwa uhakika, nalo ni kuzungumza. Kama hilo ndilo pengo lako, msikilize. Kama unataka kufuga, nenda kwa mfugaji.

Sikiliza pia kama anataja msaada aliopata. Kiwanja cha urithi, mjomba bandarini, mke mwenye mshahara uliolipa kodi ya nyumba miaka miwili: haya si aibu, ila yakifichwa wewe utajilaumu kwa kushindwa jambo ambalo yeye hakulifanya peke yake. Sikiliza kama anataja wanaofanana naye walioshindwa. Watu mia wakiuza mashamba wakafungue maduka, tisini wakafilisika, anayealikwa jukwaani ni mmoja kati ya wale kumi. Atasema "niliuza shamba nikathubutu," na atakuwa anasema kweli. Wale tisini nao walithubutu, lakini hawapewi kipaza sauti. Na mpime kwa hili: amewahi kusema ushauri wake haumfai nani? Mjuzi wa kweli huwa na mipaka. Atakwambia usikope kama huna mauzo ya kila siku, usiache kazi kama una mtoto mchanga.

Nukuu ni kipimo chepesi. Yapo maneno yanayosambazwa kila mwaka kwamba hofu yetu kubwa si udhaifu bali ni nguvu tuliyo nayo, yakidaiwa kuwa Mandela aliyasema alipoapishwa mwaka 1994. Hayamo katika hotuba ile. Ni ya mwandishi wa Marekani, Marianne Williamson, aliyeyachapisha 1992. Msemaji anayeyatoa kwa jina la Mandela si lazima awe tapeli, lakini umejua kwamba hakagui anachokisema, basi na takwimu zake uzichukue kwa tahadhari ileile. Vyeo navyo vikaguliwe. Akijiita daktari wa falsafa, uliza chuo gani, kisha tazama kama kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu kwa Tanzania.

Neno kuhusu mimbari. Sehemu kubwa ya maneno ya kujenga tunayoyasikia kwa Kiswahili hutoka kwenye mawaidha na mahubiri, na kwa pengo la moyo hakuna mbadala rahisi: shehe au mchungaji anakujua, alimzika babako, atakutembelea ukiugua. Mtegemee kwa hilo. Akianza kukueleza hisa, sarafu za kidijitali au shamba la pamoja, mpime kwa vipimo vya biashara kama mtu mwingine yeyote, bila kumvunjia heshima. Sadaka ni ibada. Fedha unayoahidiwa kurudishiwa maradufu ni uwekezaji, na uwekezaji una sheria zake.

Semina za kulipia na "fursa"

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo soma taratibu.

Kulipia mafunzo si kosa. Mwalimu mzuri anastahili ujira. Kabla hujalipa, omba kwa maandishi: mada za kila kipindi, jina la atakayefundisha kila mada, saa ngapi za mazoezi ya mikono, idadi ya washiriki, na utaratibu wa kurudishiwa fedha ukighairi. Mwandaaji makini anayo haya tayari, atakutumia ndani ya siku moja. Jibu la "njoo utaona mwenyewe" linatosha kukufanya ubaki nyumbani. Omba risiti ya kodi: ya EFD ukiwa Tanzania, au ya eTIMS ukiwa Kenya. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama semina ni ya kampuni na jina ni la mtu binafsi usiyemjua, simamisha malipo uulize.

Kisha kuna ile semina isiyo na kiingilio. Unaalikwa na rafiki ambaye hataki kukwambia ni ya nini. Ukumbi umejaa watu wenye suti, mmoja baada ya mwingine anasimulia alivyokuwa analala chini na sasa ana gari. Mwishoni unaelezwa kwamba ukiweka kiasi fulani na kuleta watu sita, nao walete sita, utalipwa kwa kila anayeingia. Fanya hesabu ukiwa umekaa hapohapo. Tabaka la kwanza watu 6, la pili 36, la tatu 216, la nne 1,296. Endelea mpaka la kumi: 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, pamoja na vichanga. Kwa hiyo matabaka kumi hayawezi kujaa hata kila Mtanzania akiingia, na siku zote walio wengi wamo katika tabaka la mwisho, lile lisilo na mtu wa chini yake. Fedha yao ndiyo gari la yule aliyesimama mbele.

Tanzania ililiona hili waziwazi kwa DECI, mpango wa upatu ulioahidi kurudisha fedha zikiwa zimeongezeka, uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Watu wengi walipanda fedha zao kule kwa kuwa waliitwa na watu waliowaamini. Ndiyo maana ukaguzi usiishie kwa aliyekualika. Kampuni kuwa na cheti cha BRELA maana yake ni kwamba imesajiliwa kuwapo; si kibali cha kupokea fedha za watu. Anayepokea amana au kukopesha anahitaji leseni chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na anayekusanya fedha za uwekezaji anahitaji kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kenya uliza Benki Kuu ya Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kwa sako zinazopokea amana, SASRA. Mamlaka hizi huweka orodha za wenye leseni kwenye tovuti zao. Jina lisipokuwamo, hakuna ushuhuda wa jukwaani unaoweza kuchukua nafasi yake.

Na usilipe siku ileile. "Punguzo linaisha leo usiku" limewekwa ili usipate muda wa kumuuliza mtu. Kama kitu ni kizuri, kitakuwa kizuri na Jumatatu.

Mtu wa karibu anashinda chaneli

Fundi wetu wa Mwanza anaweza kusikiliza vipindi ishirini vya ujasiri, lakini soko la Kirumba lina akina mama ambao hawatoi nguo dukani bila salio, na wateja hawawakimbii. Nusu saa na mmoja wao ina thamani kuliko vipindi vyote hivyo, kwa sababu anawajua wateja walewale, bei zilezile na visingizio vilevile.

Namna ya kumfuata ina adabu yake. Chagua siku asiyobanwa. Usimwendee fundi wiki ya kuelekea Idi, Pasaka au Krismasi, wala siku ya harusi nyingi. Jumatatu au Jumanne asubuhi inafaa. Salimia kwanza, jitambulishe, omba muda mfupi, uliza jambo moja: "Shikamoo mama. Mimi ni fundi, nashona kule mtaa wa pili. Nimeona kazi zako, na naomba dakika kumi siku ambayo huna wateja wengi. Nataka kujifunza jambo moja: unafanyaje mteja alipe salio kabla nguo haijatoka?" Kenya bara, "Habari yako mama" inatosha mahali pa shikamoo.

Usimwombe awe mlezi wako wa maisha. Ombi la namna hiyo humtisha mtu, kwa kuwa halina mwisho. Swali la dakika kumi anaweza kulijibu, na akilijibu anafurahi kuwa amesaidia. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, rudi baada ya wiki mbili umweleze ulichofanya na kilichotokea, hata kama kilikwama: "Mama, nilifanya ulivyoniambia. Watatu walilipa, mmoja alinuna akaondoka." Wazee wa fani wamezoea kuombwa ushauri na watu wasiorudi. Ukirudi na matokeo, kuanzia siku hiyo una mwalimu, bila hata neno hilo kutajwa.

Mambo yanayovunja uhusiano huu ni yaleyale kila mahali: kuomba mtaji katika mazungumzo ya kwanza, kumpigia simu kila linapotokea jambo dogo, kumrekodi bila ruhusa, na kufungua kibanda mlango wa pili wake.

Usipompata mtu mtaani, Tanzania zipo ofisi. SIDO, iliyoanzishwa 1973, hufundisha na kushauri wenye viwanda vidogo na ina ofisi mikoani. VETA ina kozi fupi za ufundi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ya tangu 1975, ni kwa anayetaka kurudi shule akiwa mtu mzima. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako anajua vikundi vilivyopo na mafunzo yanayokuja. Nenda na ile sentensi ya pengo imeandikwa, maana swali mahususi hupata jibu mahususi.

Na kama tayari uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kama VICOBA au chama, una nusu ya unachohitaji kwa pengo la utaratibu: watu wanaokutana kwa siku maalumu na wanaotunza kumbukumbu. Omba dakika 15 mwishoni mwa kikao, kila mmoja ataje jambo moja aliloahidi mara iliyopita na kama alilifanya. Msiruhusu hotuba. "Nilifanya" au "sikufanya, kwa sababu hii" inatosha. Kikundi kikizidi watu wanane kwa zoezi hili, kigaweni, la sivyo zamu haifiki.

Vitabu na wasifu

Wasifu wa mtu ni bora kuliko hotuba yake, kwa sababu wasifu unalazimika kupita miaka yote. Wangari Maathai alianzisha harakati za Green Belt mwaka 1977, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2004. Klipu ya dakika tatu itakuonyesha siku ya tuzo. Ile miaka 27 ya katikati, ya kupanda miche, kupigwa na kukamatwa, utaikuta kwenye kurasa tu. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikuwa muuza vyungu kutoka Fumba, Unguja, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Wasifu wake uliandikwa kwa Kiswahili na Shaaban Robert, kwa hiyo hakuna haja ya mkalimani. Ukisoma, weka alama penseli mahali ambapo mambo yalikwama na mhusika akafanya nini mwezi uliofuata. Hapo ndipo pa kujifunzia.

Maktaba ni nafuu kuliko duka la vitabu. Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu ya Taifa, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani; Kenya zipo maktaba za umma katika kaunti nyingi. Kurasa kumi kwa siku zinakumalizia kitabu cha kurasa 200 ndani ya siku 20.

Kusikiliza kwa kalamu

Jiwekee mipaka: nusu saa, mara tatu kwa wiki, saa ileile. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima. Kushoto andika alichosema, kwa maneno machache. Kulia andika utakachofanya wewe. Kipindi kikiisha na upande wa kulia ni mtupu, kipindi hicho kilikuwa burudani. Si dhambi, ila usikihesabu kuwa masomo.

Jambo la kulia lifanyike ndani ya saa 48, na liandikwe kwa muundo wa "ikiwa... basi". Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer aliueleza muundo huu mwaka 1999: mtu aliyefunga nia yake kwenye tukio fulani hutekeleza zaidi kuliko aliyebaki na nia tupu. Mfano: "Ikiwa mteja amekuja kuchukua nguo, basi nitafungua daftari la salio mbele yake kabla sijaitoa nguo kwenye mfuko." Ujasiri hauhitajiki sana hapo. Daftari linasema kwa niaba yako.

Usifungue kipindi kipya mpaka hili limefanyika. Ukitamani kusikiliza, rudia kilekile. Mara ya pili utasikia sharti ulilolipita.

Usiamini pia kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Muda wa kati wa jambo kuwa mazoea ulikuwa siku 66, kuanzia 18 kwa waliowahi hadi 254 kwa makadirio ya waliochelewa. Kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Anayetegemea siku 21 huacha siku ya 25 akidhani ana kasoro, kumbe yuko njiani.

Kila baada ya miezi mitatu pitia daftari. Msemaji ambaye hajakuzalishia hata tendo moja upande wa kulia, jiondoe kwake, pamoja na kundi lake la WhatsApp. Sauti nne zinatosha kwa wakati mmoja: ya ujuzi, ya utaratibu, ya moyo, na moja ya mtu mnayepishana mawazo ambaye unamheshimu. Hiyo ya nne usiiache. Mtu anayesikiliza wanaomuunga mkono tu huchelewa sana kujua kuwa amekosea.

Pale ambapo hamasa si dawa

Kuna hali ambayo watu huiita kukosa motisha na kumbe ni ugonjwa. Huzuni au kutofurahia chochote kwa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kukatika au kuzidi, kukosa hamu ya kula, kujiona huna thamani, kushindwa kuamka kwenda kazini: kwa dalili hizi klipu za "simama upambane" huongeza lawama, kwa sababu mgonjwa anajaribu kusimama na hawezi, kisha anajichukia. Nenda kituo cha afya. Tanzania, Muhimbili na Mirembe ya Dodoma wana wataalamu wa afya ya akili. Kenya iko Mathari, Nairobi. Kenya unaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo na kuzungumza na mshauri. Kwa mtoto, piga 116, Tanzania na Kenya. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi: mwambie mtu aliye karibu akusindikize leo, asikuache peke yako.

Ukifika dirishani huhitaji maelezo marefu. Sema umekuja kwa tatizo la huzuni na usingizi, na utaje lilianza lini. Mengine utamwambia daktari mlango ukishafungwa.